Lumbesa

Mwaka huu mfuko wa mbolea umepanda bei mara mbili
kabla viazi havijatoa ua,
na gunia hapa Isongole bado linajazwa
mpaka shingo inavimba, linavalishwa kofia ya nyasi,
linashonwa kamba juu ya utosi.
Mnunuzi analipa gunia moja,
anapakia gunia na nusu,
halafu anatuuliza habari za watoto.

Wangu yuko Johannesburg. Ambakisye.
Alipita Kasumulu na begi la mgongoni,
akaivuka Malawi usingizini, Msumbiji akiwa macho.
Anauza soksi na chaja kando ya barabara,
na mwisho wa mwezi, ukiwa mwezi mzuri,
simu yangu inalia mlio mfupi: umepokea.
Nusu ya mbegu hii ni soksi zake.

Huku, anayenibebea magunia ni Kondwani.
Alivuka Songwe kiangazi, maji chini ya goti.
Vijana wetu hubeba kwa elfu moja, yeye mia tano,
na mimi, sitaficha, nilimlipa mia tano.
Salamu yake ni ugonile, kama ya bibi yangu,
aliyesema mto ule ukifurika huhama kitanda:
kuna watu walilala upande huu
wakaamkia ng'ambo, bila kuinua mguu.

Mgombea alikuja siku ya gulio, spika mbili juu ya pikapu.
"Umaskini wenu una lafudhi," alisema.
"Unalala kwenye banda la Mwakipesile.
Unabeba kwa mia tano."
Watu walipiga makofi. Nami nilipiga;
viganja viliwahi kabla ya akili.
Lumbesa hakuitaja.
Mwenye lori alikuwa nyuma yake,
amemshikia chupa ya maji.

Usiku ikaingia sauti ya Ambakisye, ya kunong'ona:
"Mama, leo sijatandika meza. Wanaandamana.
Wanasema tumewamalizia kazi, na kura zao zimekaribia.
Tumejifungia, mimi na Mkongo mmoja, tuna mkate.
Mwisho wa mwezi usinisubiri."
Niliisikiliza mara tatu. Mara ya tatu
nikasikia, kwa mbali nyuma yake, kipaza sauti.
Lugha sikuielewa.
Makofi niliyaelewa.

Siku ya kura ukungu ulishuka Mlima Rungwe
ukapanga foleni pamoja nasi, uwanja wa shule.
Mbele yangu Gwakisa, mbeba mizigo,
mtu mwema, alinichimbia kaburi la mume wangu bila kudai hata soda.
"Yule kijana akiondoka," alisema, "nitarudi kwenye elfu moja.
Wa tatu hana sare, Mama Amba."
Ningemjibu nini? Ana watoto wanne na mgongo mmoja.
Kondwani alipita na gunia langu kichwani,
akashuka mtaroni
ili asiikate foleni yetu.

Ndani, kalamu imefungwa kamba, kama gunia.
Nilikaa na ile karatasi muda mrefu
mpaka msimamizi akakohoa.
Nilichokiweka humo ni changu.
Kidole nikakichovya.

Alishinda kwa kura kumi na moja.
Nimezihesabu mara nyingi zile kumi na moja,
nyumba kwa nyumba, makofi kwa makofi.

Jumatatu lori likarudi, magunia yakavishwa kofia.
Nikamwendea Kondwani. Banda tupu,
sufuria na ukoko wake wa ugali,
kandambili moja, ya kushoto.
Akaja Gwakisa, akainama, akabeba.
Akanyoosha mkono akisubiri elfu moja,
na mwenye lori, bila kushuka, akasema
hapa bei imeshazoea mia tano.

Wino bado uko kwenye ukucha; namenya viazi nao.
Nimemwandikia Ambakisye: umekula?
Tiki moja.
Ya kijivu, tangu juzi.